Lango likifungwa, bawabu naye asitupwe

WAHENGA walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vilabu vyetu vya soka huipenda sana methali hii vinapowaomba mashabiki wajitokeze kwa wingi viwanjani, wanunue tiketi na kuchangia nauli ya timu inayosafiri. Ni nadra, hata hivyo, kuisikia ikielekezwa upande wa pili. Klabu nayo ni rafiki wa nani dhiki inapowafika wale wanaoihudumia?

Siwazungumzii wachezaji, ambao majina yao hujaza kurasa za michezo. Nawazungumzia watu wanaofika uwanjani kabla ya timu kushuka basini, wakaondoka baada ya shabiki wa mwisho kwenda zake. Yupo anayeuza tiketi dirishani na anayezikata langoni. Yupo anayepekua mifuko na anayesimama mbele ya jukwaa akiwa amevaa kizibao cha rangi ya kung'aa ili mashabiki wasiingie uwanjani. Wapo wanaochora mistari kwa chokaa, wanaofunga nyavu, wanaofagia jukwaa baada ya mechi, na wanafunzi wanaookota mipira nyuma ya magoli. Hata mwamuzi mwenye filimbi ni ndugu yao kwa namna fulani, kwa kuwa naye hulipwa kwa mechi aliyoichezesha wala hana mshahara wa mwezi.

Hao wote ni vibarua wa siku ya mechi. Pasipo mechi hawana kazi, na pasipo kazi hawana ujira. Katika siku za kawaida utaratibu huu hauonekani kuwa na kasoro kubwa. Janga la corona ndilo lililouvua nguo hadharani, na ingawa janga lenyewe limepita, nguo hizo hazijavaliwa hadi leo. Ndiyo maana nalirejelea suala hili sasa, wakati hakuna anayeugua na viwanja vimefunguliwa, maana paa hutengenezwa wakati wa kiangazi.

Tumfikirie kijana mmoja wa Kitengela. Siku za juma yeye hubeba mawe na kuchanganya saruji katika majengo yanayochipuka kila upande wa mji huo. Jumapili ya mechi hupanda matatu alfajiri, akapita Athi River na Mlolongo kuelekea Kasarani, au akashika njia ya Machakos kwenda katika uwanja wa Kenyatta. Huko husimama langoni kutwa nzima akikata tiketi. Hana barua ya ajira. Alicho nacho ni nambari ya simu ya mtu fulani, ambaye naye ana nambari ya simu ya mtu wa klabuni. Akipigiwa, huenda; asipopigiwa, hubaki. Vijana wa namna hii hawakosekani katika miji yetu, na msomaji huenda anamjua mmoja wao au ni yeye mwenyewe.

Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kisa cha kwanza cha corona kilikuwa kimethibitishwa nchini. Mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku na michezo ikasimamishwa. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa madarakani wakati huo, alitangaza kufungwa kwa shule. Machi 27 kafyu ilianza kutekelezwa, watu wakitakiwa kuwa majumbani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha Aprili 6 ikatolewa amri ya kuzuia watu kuingia au kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake.

Mipaka ya eneo hilo iliigawa Kaunti ya Kajiado mara mbili. Ngong, Ongata Rongai, Kiserian na Kitengela ziliwekwa ndani ya ua pamoja na Nairobi, ilhali mji wa Kajiado, ambao ndio makao makuu ya kaunti hiyo hiyo, ukabaki nje. Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti hii ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1, na Kitengela pekee ilikuwa na zaidi ya 150,000. Mji huu umekua kwa kasi tangu viwanda vya Athi River vilipoanza kuvuta wafanyakazi, na wengi wa wakazi wake huishi kwa kwenda na kurudi kila siku. Ghafla wakawa wamezingirwa. Aliyekuwa na mama yake mgonjwa mjini Kajiado hakuweza kwenda kumwona, na aliyekuwa na shughuli zake Nairobi akitokea Kajiado hakuweza kuifikia. Kizuizi hicho kilidumu miezi mitatu, mpaka kilipoondolewa mapema Julai 2020.

Kwa yule kijana wetu, mambo yote yalisimama kwa pamoja. Majengo yalikwama, nauli za matatu zilipanda kwa sababu abiria walipunguzwa, na simu ya Jumapili haikulia tena. Nyasi za uwanjani zilirefuka, na kibarua chake nacho, kama tusemavyo, kikaota nyasi.

Mnamo Aprili 30, 2020, Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, lilitangaza kwamba msimu umekwisha na kwamba Gor Mahia, waliokuwa wakiongoza jedwali la Ligi Kuu, ndio mabingwa. Hapo ukazuka ubishi mkali. Watu walibishana kuhusu kombe, kuhusu nani apande daraja na nani ashuke, na kuhusu nani hasa mwenye mamlaka ya kuufunga msimu. Mabishano hayo yalikuwa na haki yake. Wachezaji nao walilia kwamba hawajalipwa mishahara, na kilio chao kilisikika kwa sababu wana mikataba, wana chama na wana sura zinazojulikana. Muuza tiketi hakuwa na lolote kati ya hayo. Msimu ulifungwa kwa barua ndefu zenye mihuri, lakini hakuna barua iliyomfikia yeye, kwa kuwa tangu mwanzo hakuna barua iliyomwita.

La kushangaza zaidi ni yale yaliyofuata. Mwishoni mwa Novemba 2020, baada ya zaidi ya miezi minane ya ukimya, Ligi Kuu ilirejea kwa msimu mpya. Wachezaji walirudi kazini, makocha wakarudi na kamera za runinga zikarudi. Julai ya mwaka huo shirikisho lilikuwa limetangaza mkataba wa udhamini wa Sh1.2 bilioni wa miaka mitano na kampuni ya BetKing, ingawa mkataba huo haukudumu, kwani mwaka 2021 kampuni hiyo ilijiondoa. Watu wengi walifurahi kwamba soka imefufuka. Lakini mechi zilichezwa bila mashabiki. Palipo na majukwaa matupu hapahitajiki muuza tiketi, wala mkata tiketi, wala mpekua mifuko. Ligi ilirudi, ila lango halikurudi pamoja nayo. Hivyo basi, wale waliokuwa wa mwisho kwa ujira wakawa pia wa mwisho kurudi kazini.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, mwendo wa saa chache kutoka mjini Kajiado, Tanzania ilikuwa imerejelea ligi yake tangu Juni 2020. Kwetu subira iliendelea. Machi 26, 2021 dhoruba ikarudi. Kajiado yote, safari hii pamoja na Nairobi, Machakos, Kiambu na Nakuru, ilitengwa na kaunti nyingine, na michezo ikasimamishwa tena mpaka Mei.

Katika hali hiyo, kilichomwacha kijana huyu bila kinga yoyote kimefichika katika neno tunalomwitia. Neno kibarua lilizaliwa pwani, nalo ni udogo wa neno barua. Katika karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtu aliyekodiwa kufanya kazi kwa kutwa alipewa kijikaratasi kuwa ushahidi wa kazi yake. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Kijikaratasi kile ndicho kibarua, na baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Angalia basi kinaya kilichopo. Kibarua wa karne ya 19, pamoja na dhuluma zote alizotendewa, alikuwa walau na karatasi mkononi. Kibarua wa uwanjani wa karne ya 21 hana hata hiyo.

Sheria zetu nazo zinamwona kwa jicho moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa muda unaozidi saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 35 kinaruhusu mkataba wa malipo ya kutwa kuvunjwa na upande wowote jioni ya siku yoyote, bila ilani. Maana yake ni kwamba kila jua linapotua mkataba wa kibarua unaweza kufa, na asubuhi hana wa kumdai. Ni kweli kwamba Kifungu cha 37 kinampa nafuu aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida. Lakini mtu wa siku ya mechi hufanya kazi leo, akakaa wiki mbili, kisha akaitwa tena. Anaweza kuitumikia klabu ile ile kwa miaka kumi bila kuufikisha mwezi mmoja wa mfululizo. Uaminifu wake ni wa miaka, lakini hesabu yake inaanza upya kila Jumapili.

Isitoshe, hata kumjua mwajiri wake ni kitendawili. Vilabu vyetu vikubwa, Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968 na AFC Leopards iliyoundwa mwaka 1964, havina viwanja vyao vyenyewe. Kasarani na Nyayo husimamiwa na shirika la serikali, Sports Kenya, na uwanja wa Machakos ni mali ya kaunti. Klabu hukodi uwanja kwa siku hiyo, kisha kazi za langoni zikagawanywa baina ya watu wa klabu, watu wa uwanja na kampuni za ulinzi. Anapouliza haki yake, kibarua huambiwa na klabu kwamba yeye ni wa uwanja, na uwanja humwambia kwamba yeye ni wa klabu. Mtoto wa watu wawili hulala njaa.

Wako watakaosema kwamba nawaonea viongozi wa vilabu. Watauliza: klabu isiyoweza kumlipa mshambuliaji wake itamlipaje mkata tiketi? Hoja hii ina uzito, na si haki kuipuuza. Ikumbukwe kwamba masaibu ya vilabu vyetu yalianza kabla ya corona. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikidhamini ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, iliondoa udhamini wake baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni. Vilabu vilikuwa vikichechemea tayari janga lilipowakuta. Kisha hata kiingilio, ambacho kwa klabu isiyo na mdhamini ndicho chakula cha kila siku, kikakatika.

Wengine watatutajia Uingereza, ambako mnamo Machi 2020 Manchester United ilitangaza kwamba itawalipa vibarua wake wa siku ya mechi hata kama mechi zilizobaki zingechezwa bila mashabiki au kufutwa. Majirani wao Manchester City wakafanya vivyo hivyo. Huo ulikuwa mfano mwema. Lakini tusidhani kwamba wema ulimwagika kote. Mapema Aprili mwaka huo Liverpool, mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2019 waliokuwa wametoka kutangaza faida ya pauni milioni 42, waliamua kuwapumzisha baadhi ya wafanyakazi wasio wachezaji na kuitegemea serikali iwalipe asilimia 80 ya mishahara yao. Mashabiki walikasirika, na baada ya siku mbili klabu ikaomba radhi na kubatilisha uamuzi wake. Tottenham nayo ilirudi nyuma vivyo hivyo katikati ya mwezi huo. Hawa walikuwa waajiriwa wa kudumu wa vilabu tajiri, na bado walihitaji kelele za mashabiki ili wakumbukwe.

Basi tukubali kwamba klabu ya Kenya haina mifuko ya Manchester. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo vilabu vya Uingereza vilikuwa nalo na ambalo halihitaji utajiri. Vilijua vibarua wao ni akina nani. Majina yao yalikuwa yameandikwa, siku walizofanya kazi zilihesabika, na ujira wao ulijulikana. Kiongozi alipoamua kulipa, karani alifungua daftari akalipa. Kwetu, hata kiongozi mwenye huruma kuliko wote angeamka Aprili 2020 akiwa na fedha mkononi, asingejua ampe nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu bila daftari naye hupotea vivyo hivyo.

Na fedha za kuokoa soka hazikukosekana kabisa duniani. Juni 2020 baraza la FIFA lilipitisha mpango wa msaada wa dola bilioni 1.5, ambapo kila shirikisho la nchi mwanachama lilitengewa ruzuku ya dola milioni 1, na nyongeza ya dola 500,000 kwa soka ya wanawake. Mwongozo ambao FIFA ilikuwa imeutoa Aprili mwaka huo ulishughulikia mikataba ya wachezaji na makocha, iliyokuwa ikimalizika au kushindikana kutekelezwa. Katika maandishi yote ya namna hiyo, anayetambuliwa ni yule mwenye mkataba. Asiyekuwepo na lake halipo. Msaada huteremka kutoka juu kama maji ya mvua, lakini humfikia tu yule aliyeweka pipa chini ya mfereji, na pipa la kibarua ni jina lake katika orodha.

Mwalimu anayesoma haya hahitaji kuelezwa zaidi, kwani shule zetu ziliuona mchezo huo huo. Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa ya Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne yalirudi Oktoba 12, na wanafunzi waliosalia wakarudi Januari 4, 2021. Katika miezi hiyo yote mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, aliendelea kupokea mshahara wake. Mwalimu wa shule ile ile aliyeajiriwa na bodi, aliyefundisha darasa lile lile kwa chaki ile ile, na mwenzake wa shule ya kibinafsi, wengi wao walirudi nyumbani mikono mitupu. Wako waliouza mboga na wako walioendesha bodaboda. Tofauti baina ya walimu hao wawili ilikuwa katika daftari walimoandikwa tu. Kwa hiyo mwalimu wa bodi na mkata tiketi wa Kasarani ni ndugu wa toka nitoke, ingawa hawajawahi kuonana.

Aidha, nchi hii ina historia yake katika jambo hili, na wanafunzi wa historia wanapaswa kuijua. Bandari ya Mombasa iliendeshwa kwa miongo mingi na vibarua wa kutwa. Meli ikija waliitwa, meli isipokuja walikaa. Waligoma mwaka 1939, na mwaka 1947 Mombasa nzima ikasimama kwa mgomo mkuu uliowaunganisha na wafanyakazi wengine. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakuu wa bandari na serikali ya kikoloni walilazimika kuwaandikisha vibarua katika orodha maalumu, na polepole kazi ya bandarini ikawa ajira inayotambulika. Nia ya wakoloni haikuwa huruma tupu, kwani walitaka pia kuwadhibiti watu hao. Uingereza kwenyewe mwaka 1947 ulianzishwa mpango wa kitaifa ambao chini yake mchukuzi wa bandarini aliyeandikishwa alilipwa kiasi fulani kwa kuhudhuria tu, hata siku ambayo meli haikuwepo. Waajiri walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba haiwezekani. Ikawezekana.

Mechi haina tofauti kubwa na meli. Huja kwa ratiba, huhitaji mikono mingi kwa saa chache, kisha huondoka. Iliyowezekana gatini inawezekana langoni.

Hebu sasa tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Katika ligi ya timu 18, kila timu hucheza mechi 34, na 17 kati yake ni za nyumbani. Kibarua wa klabu moja basi ana siku 17 tu za kazi hiyo kwa mwaka mzima. Tuseme, kwa mfano tu, klabu ina vibarua 40 na kila mmoja hulipwa Sh1,000 kwa mechi. Tuseme pia janga linafuta mechi tano za nyumbani. Klabu ikiamua kumlipa kila mmoja nusu ya ujira wake kwa mechi hizo, itahitaji Sh100,000. Fedha hizo zitatoka wapi? Tuseme kila tiketi ya Sh200 inakatwa Sh5 na kuwekwa katika mfuko wa akiba. Mechi yenye watazamaji 2,000 italeta Sh10,000, na mechi 17 zitaleta Sh170,000. Msimu mmoja wa akiba unatosha kulipia mechi hizo tano, na salio likabaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Takwimu hizi ni za mfano, na kila klabu itaweka zake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba deni tunalolizungumzia si mlima. Vilabu havikushindwa kulilipa kwa sababu ni kubwa mno. Vilishindwa kwa sababu havikuwahi kuliandika kuwa deni.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila klabu ya Ligi Kuu iwe na daftari la watu wake wa siku ya mechi, lenye jina, kitambulisho, nambari ya simu, kazi na siku alizofanya. Sheria ya Ajira tayari inamtaka mwajiri kuweka kumbukumbu za wafanyakazi wake, na kumbukumbu za aina hii hugharimu daftari na kalamu. Pili, mkataba wa kukodi uwanja utaje waziwazi ni nani mwajiri wa kila mtu atakayesimama langoni siku hiyo, ili asirushwe kama mpira baina ya klabu na uwanja. Tatu, mfuko wa akiba wa kiingilio uwe sharti mojawapo la kuipa klabu leseni ya kushiriki ligi, kama zilivyo sharti nyingine zinazohusu hesabu na viwanja.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu wao. Kaunti ya Kajiado ina uwanja wa Ildamat katika makao yake makuu, na vijana wa Kitengela, Isinya, Ngong na Namanga hucheza kandanda kila wikendi. Katika mechi nyingi za madaraja ya chini hakuna hata kiingilio. Anayechora mistari hulipwa soda na mkate, na anayebeba nyavu hulipwa ahsante. Hapo ndipo desturi ya kutomwandika mtu inapoanzia. Kaunti inayokodisha uwanja wake inaweza kuanza leo kudai orodha ya watu watakaofanya kazi humo, jambo ambalo halitaingoja bajeti ya mwaka ujao.

Shule pia zinaweza kuwa mfano. Mwalimu wa michezo anayewapeleka wanafunzi kuokota mipira awafundishe kuuliza, kwa adabu, majina yao yameandikwa wapi. Hilo si utovu wa nidhamu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Hakisemi kila mtu isipokuwa mkata tiketi. Mwanafunzi akiijua haki hii akiwa nyuma ya goli, hataisahau atakapokuwa mwenyekiti wa klabu.

Maradhi mengine yatakuja, au mafuriko, au ugomvi wa viongozi utakaofunga viwanja kama ilivyowahi kutokea mara kadhaa katika soka ya nchi hii. Siku hiyo mashabiki tutabaki nyumbani tukilalamika kwamba hatuna mechi ya kutazama. Yule kijana wa Kitengela atakuwa amekaa na simu yake mkononi. Kitakachotuonyesha kama tulijifunza lolote kutokana na mwaka 2020 ni iwapo simu hiyo italia, na iwapo anayepiga atakuwa na daftari mbele yake lenye jina la kijana huyo.